Grafu nne ndani ya picha moja kwa Matplotlib

Nina faili la mvua, `mvua.csv`: safu ya `mwezi` (1 hadi 12), kisha Tanga, Mwanza, Dodoma na Mbeya. Nataka miji yote ionekane kwa mtupo mmoja wa jicho, nikitumia Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora grafu.

1. Gawa picha. Ichukulie `fig` (picha nzima) kama nyumba, na kila `ax` (grafu moja) kama chumba.

```python
import pandas as pd
import matplotlib.pyplot as plt

mvua = pd.read_csv("mvua.csv")
miji = ["Tanga", "Mwanza", "Dodoma", "Mbeya"]

fig, axes = plt.subplots(2, 2, figsize=(10, 7),
    sharex=True, sharey=True, layout="constrained")
```

`figsize` ni inchi. `layout="constrained"` huzuia maandishi kupandiana.

Usiiruke `sharey=True`. Bila hiyo kila chumba hujipimia kipimo chake, na Dodoma kukavu kutaonekana kunanyesha sawa na Tanga. Mihimili ikiwa na kipimo kimoja, unaona mara moja Tanga ikipanda mara mbili, masika na vuli, huku Dodoma ikiwa na msimu mmoja tu na kiangazi kirefu katikati ya mwaka. Kama kila chumba kina kitu tofauti, tuseme mvua hapa na joto pale, hapo ndipo uiondoe.

2. Chora.

```python
for ax, mji in zip(axes.flat, miji):
    ax.bar(mvua["mwezi"], mvua[mji])
    ax.set_title(mji)
```

Ni `ax.set_title`, si `plt.title`. Mwanzoni niliandika `plt.title("Tanga")` nikashangaa jina limetua juu ya Mbeya: `plt` huandika kwenye chumba kilichofunguliwa mwisho.

Mbona `.flat`? Kwa sababu `axes` ya 2 kwa 2 ni jedwali. Chumba cha juu kulia ni `axes[0, 1]`, hesabu ikianzia sifuri. Lakini ukiomba `subplots(1, 3)` unapewa array ya mstari mmoja tu, na `axes[0, 1]` itakutupia kosa. `.flat` hukubali zote mbili.

3. Kichwa na kuhifadhi.

```python
fig.suptitle("Mvua kwa mwezi")
fig.supylabel("Milimita")
fig.savefig("mvua.png", dpi=150)
```

Inchi 10 kwa 7 mara 150 (`dpi`, yaani pikseli kwa kila inchi): pikseli 1500 kwa 1050, zinatosha kwa ripoti.

Ukiwa na miji 5 kwenye vyumba 6, kile kitupu kifunge: `axes.flat[-1].set_axis_off()`.