Ganzi isiyo na jina: ninavyoishi nikisubiri majibu

Mimi ni fundi cherehani, Mbuyuni, Moshi. Mwezi wa nne mguu wa kushoto uliniishia nguvu nikikanyaga cherehani, kisha ganzi ikaja hadi vidole vya mkono. Sukari ipo sawa. Nina rufaa ya KCMC, hospitali kubwa ya rufaa hapa Moshi, nasubiri MRI, kipimo cha kupiga picha za ndani ya mwili.

Anza na daftari. Andika siku, saa, upande gani, imedumu dakika ngapi, ulikuwa unafanya nini. "Sijisikii vizuri" haimsaidii daktari; "mkono wa kushoto, dakika 20, baada ya kuoga maji ya moto" inamsaidia sana. Hali ikija mbele ya watu, waombe wakurekodi kwa simu. Binti yangu ndiye aliyenasa jicho langu likichezacheza, jambo ambalo mimi nisingeliona. Orodhesha na dawa zote, za mitishamba pia. Mimi ya mama mkwe niliificha kwa aibu, na nilikosea.

Pasi ya mkaa nimemwachia msaidizi, maana mkono wenye ganzi hausikii moto. Maji ya kuoga napima kwa kiwiko cha upande mzima. Siku ya kizunguzungu sipandi bodaboda.

Lakini mdomo ukipinda ghafla, maneno yakikwama, upande mmoja ukilegea, mkojo ukikataa kutoka, au degedege likipita dakika 5, usingoje miadi. Nenda dharura hata kama ni usiku wa manane, na ukumbuke saa ilipoanza.

Shoga yangu, wakisema unajifanya, usibishane nao. Jirani yangu mmoja alisema hivyo. Nikamwomba anisindikize kliniki, na sasa ndiye anayenibebea daftari.