Siku za kwanza, kamera ipumzike
Ukienda kupiga picha za maisha ya mji mdogo, usitoe kamera mara tu unaposhuka kwenye basi. Watu wakiiona wanajinyoosha, wanatengeneza kola, na kile ulichokifuata kinapotea.

Mwaka 1948 mpiga picha W. Eugene Smith alikaa siku 23 Kremmling, mji mdogo wa Colorado, Marekani, akimfuata daktari Ernest Ceriani usiku na mchana. Inasimuliwa kwamba mwanzoni alibonyeza kamera isiyo na filamu, ili daktari amzoee. Mimi naipenda zaidi ile picha ya Ceriani jikoni, kikombe cha kahawa mkononi, kachoka kabisa baada ya upasuaji wa usiku. Uchovu ule huupati kwa mtu asiyekuzoea.

Basi kaa kibarazani, kunywa chai, saidia kushusha magunia siku ya gulio. Omba ruhusa, hasa zahanati na msibani. Usiku huohuo andika jina la kila mtu, mahali na tarehe. Ukingoja wiki utachanganya. Na picha zikishasafishwa, rudi uwapelekee wenyewe nakala zao.