Leseni ya uuguzi ina jina moja: namna ya kuitunza tangu zamu ya kwanza

Kabla hujaripoti kazini, toa leseni yako kwenye bahasha uisome. Wengi wetu tukiipata tunaipiga picha, tunamtumia mama nyumbani, halafu tunaifungia sandukuni. Wewe isome. Ina jina lako, namba yako na tarehe ya kuisha. Haina jina la daktari wa zamu, wala la matroni, wala la hospitali itakayokuajiri. Nimekuwa muuguzi mkunga kwa miaka 29, 21 kati ya hiyo nikiwa leba, na kama kuna jambo moja ninalotaka vijana wanaoanza kazi walishike, ni hilo: ukishamgusa mgonjwa unajibu wewe, hata kama aliyekuagiza ni mkubwa wako.

Kwetu Tanzania kazi hii inasimamiwa na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Ndiyo inayolipatia Baraza la Uuguzi na Ukunga mamlaka ya kusajili, kuorodhesha, kutoa leseni na kusikiliza malalamiko. Watu huchanganya usajili na leseni. Usajili unathibitisha kwamba umesomea kazi na unatambulika. Leseni ni ruhusa ya kuifanya kwa kipindi kilichoandikwa. Ikiisha jana na leo ukachoma sindano, tayari uko nje ya sheria, hata kama wodi nzima inajua wewe ni hodari. Kuihuisha kunahitaji uonyeshe umeendelea kujifunza, kwa hiyo kila semina na kila mafunzo ya kazini, chukua uthibitisho wake siku hiyo hiyo uuweke pamoja na vingine. Nimewaona watu wazima wakihangaika kutafuta vyeti vya mafunzo wiki ya mwisho, aliyewafundisha keshahamia mkoa mwingine.

Ujue pia kwamba kosa moja linaweza kukufuata kwa njia tatu. Mwajiri ana utaratibu wake wa nidhamu. Baraza lina wake, na linaweza kukuonya, kukusimamisha au kulifuta jina lako. Na polisi nao wana njia yao: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 233, inamtaja anayetoa tiba au dawa kwa uzembe unaohatarisha maisha ya mtu. Kumalizana na mwajiri si kumalizana na wote.

Sasa tuingie wodini.

Kupokea zamu

Makabidhiano hayafanyiki mezani. Nenda kitanda kwa kitanda na mwenzako, mtazame mgonjwa, tazama dripu imefika wapi, tazama mfuko wa mkojo, fungua chati ya dawa mkiwa wawili. Ukishasema "nimepokea", wagonjwa ni wako. Na kama wewe ndiye unayetoka, huondoki mpaka aliyekuja akupokee. Akichelewa, mpigie muuguzi kiongozi, lakini usiiache wodi tupu.

Niwasimulie usiku mmoja. Nilimpokea mama mwenye kifafa cha mimba, yuko kwenye magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, gramu 5 za kuchoma msulini kila baada ya saa nne. Mwenzangu alikuwa anakimbilia gari la mwisho, tukakabidhiana tukiwa tumesimama mlangoni. Kwenye chati, dozi ya saa moja usiku haikuwa na sahihi. Nikajiambia hajapewa. Nikavuta dawa kwenye bomba. Ilipokaribia saa tatu nikaenda kitandani, na kwa bahati nilikuwa nimefundishwa na mkunga mmoja mkali kwamba dawa hii haichomwi kabla ya mambo matatu: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liitike likigongwa, na mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa kwa saa nne zilizopita. Nikahesabu pumzi dakika nzima. Kumi na tatu. Nikagonga goti, mguu ukatulia kama gogo. Nikagonga tena. Kimya.

Nililiweka bomba chini, nikamwita daktari, nikaweka kalsiamu glukoneti tayari kando ya kitanda, maana ndiyo inayoizima magnesiamu ikizidi. Kisha nikampigia mwenzangu. Alikuwa kwenye gari. "Nilimchoma, dada," akasema. "Nilisahau kusaini." Tulikaa na yule mama mpaka pumzi zikapanda. Alitoka hospitali na mtoto wake.

Tangu hapo, mahali pasipo na sahihi mimi sipasomi kama "hajapewa". Napasoma kama "uliza". Na saini ukishatoa dawa, ukiwa bado umesimama pale. Usisaini kabla, kwa sababu mgonjwa anaweza kutapika, kanula inaweza kuziba, anaweza kukataa. Usisaini dozi ya mtu mwingine kwa kumsaidia. Hilo si kumsaidia.

Kuandika

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo nilipoanguka mimi.

Ilikuwa 2006, katika hospitali moja ya wilaya. Wakunga wawili, akina mama tisa leba. Kwa yule mama wa kitanda cha tatu nilisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, kama inavyotakiwa. Nilikuwa naandika namba kwenye kiganja cha glavu, nikitegemea asubuhi nitazihamishia kwenye patografu, karatasi ya kufuatilia mwenendo wa uchungu. Mtoto alizaliwa amechoka, akafariki kesho yake. Kamati ilipokaa, patografu ilikuwa na mapengo matatu, saa moja na nusu nzima. Niliwaambia nilisikiliza. Mwenyekiti akanigeuzia karatasi, akauliza kwa upole tu, "Wapi?" Glavu ilikuwa imeshachomwa na taka.

Nilipata onyo la maandishi, na nililistahili. Lakini onyo halikuniuma kama yule mama. Alikuja na mume wake kuuliza mtoto wao alikuwaje usiku ule, na sikuwa na cha kuwaonyesha. Faili si la kujikinga wewe peke yako. Lile ni kumbukumbu ya mtu, na kwa mtoto yule lilikuwa karibu kila kitu kilichobaki cha maisha yake.

Basi andika hivi. Muda, ulichokiona, ulichokifanya, uliyemwita, alichojibu, na hali ya mgonjwa baada ya hapo. Mfano: "Saa 8:10 usiku, presha 160/110, analalamika kichwa na macho kuona giza. Saa 8:14 nimempigia daktari wa zamu, ameagiza haidralazini miligramu 5 kwenye mshipa taratibu. Imetolewa saa 8:20. Saa 8:40 presha 150/100, kichwa kimepungua." Chini weka jina na sahihi inayosomeka. Mtu atakayeisoma baada ya miaka mitano, awe daktari au hakimu, ataiona wodi ile kama alikuwepo. Linganisha na "hali nzuri, anaendelea na matibabu", sentensi ninayoichukia kuliko zote, kwa sababu inaweza kuandikwa na mtu ambaye hakunyanyuka kitini.

Ukikosea neno, lipige mstari mmoja lisomeke, andika sahihi pembeni. Usifute, usipake rangi nyeupe, usichane karatasi. Ukichelewa kuandika kwa sababu ulikuwa unaokoa maisha, andika ukweli huo: "Imeandikwa saa 11:40 alfajiri kuhusu tukio la saa 9:15 usiku." Maandishi yaliyochelewa hayana aibu. Yaliyopachikwa ili yaonekane ya wakati wake ndiyo yanayoangusha watu, kwa sababu kosa la kazi linageuka uongo.

Na upungufu wa watumishi je? Wawili kwa tisa si haki, kwa mama wala kwa mkunga, nami nitalisema hilo mpaka nizeeke. Lakini lisemee kwenye karatasi. Andika kwenye kitabu cha ripoti idadi ya wagonjwa, idadi yenu, na saa uliyomwarifu muuguzi kiongozi. Malalamiko ya chumba cha chai hayana kumbukumbu.

Agizo lisilokukaa sawa

Ukiona dozi inakutia shaka, huna wajibu wa kuitoa. Wajibu wako ni kuuliza. Usiulize kwa kujificha wala kwa kugomba mbele ya mgonjwa. Mimi husema, "Dokta, naomba tuitazame chati pamoja, hii namba sijaielewa." Mara nyingi kalamu iliteleza, anashukuru. Akisisitiza na wewe bado huoni usalama, sema wazi kwamba hutaitoa, mjulishe muuguzi kiongozi papo hapo, andika. "Niliambiwa" halijawahi kumwokoa muuguzi yeyote niliyemjua.

Agizo la simu lipokee pale tu dharura inapolazimisha. Liandike likiwa linasemwa, lisome kwa sauti arudie kukubali, mwite mwenzako asikie, andika muda, na daktari akifika asaini. Kama mwenzako hayupo, basi kusoma kwa sauti kuwe mara mbili.

Upande wa pili, angalia na wewe unamwagiza nani. Mhudumu wa afya anakusaidia kusafisha, kumgeuza mgonjwa, kupeleka sampuli. Umemwachia sindano kwa sababu "anajua kuchoma kuliko hata wanafunzi"? Kosa lake ni lako. Mwanafunzi anachoma ukiwa umesimama naye, macho yako kwenye mkono wake.

Ridhaa ya upasuaji nayo ina mpaka. Kueleza upasuaji na hatari zake ni kazi ya anayepasua. Wewe unashuhudia kwamba mgonjwa ameelewa na amekubali kwa hiari yake. Nikimkuta mama amesaini lakini akiniuliza "wananifanya nini?", karatasi ile kwangu bado tupu. Namrudisha daktari.

Siri

Majibu ya VVU yanalindwa na Sheria ya UKIMWI ya 2008. Tangu marekebisho ya 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila kusubiri ruhusa ya mzazi, na jibu ni lake. Mume akija dirishani kuuliza majibu ya mke, jibu ninalolitumia ni hili: "Baba, majibu ni ya mama. Mkija pamoja naye akakubali, nitawaeleza wote wawili." Nalisema hivyo hivyo hata kama majibu ni salama, maana ukijibu haraka yakiwa mazuri na ukasitasita yakiwa mabaya, umeshayatoa.

Kuhusu simu, niwaombe wadogo zangu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za afya ya mtu ni taarifa nyeti kisheria. Picha ya kidonda, ya mtoto mzuri aliyezaliwa, hata ya ubao wa wodi wenye majina nyuma yako ukijipiga picha na sare mpya, yote hayo yanamhusu mtu ambaye hakuulizwa. Kundi la WhatsApp la wodi lina watu walioacha kazi zamani.

Lakini siri ina mlango. Mtoto akija na alama za kupigwa au kunajisiwa, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka jambo hilo liripotiwe. Mwite afisa ustawi wa jamii, andika maneno ya mtoto kama alivyoyasema mwenyewe. Na majeruhi akija bila PF3, ile fomu ya polisi, kama hali yake ni ya dharura zuia damu kwanza. Fomu itafuata. Usimrudishe mtu anayevuja damu akatafute karatasi kituoni.

Zawadi: familia ikifurahi itakunja noti mkononi mwako, "ya soda, sista". Rudisha kwa mikono miwili na tabasamu. Mama wa kitanda cha pili anaona, na yeye hana ya kukunja. Ukiidai, hiyo ni rushwa, na sheria yake ni ya 2007.

Barua ikija

Siku moja unaweza kuitwa na Baraza au na kamati ya mwajiri. Usiitupe barua ukidhani itasahaulika. Isome uone tuhuma ni ipi hasa na majibu yanatakiwa lini. Usiliguse faili la mgonjwa, hata kuongeza nukta. Usimtafute mgonjwa wala ndugu zake kuwaomba waondoe malalamiko. Omba nakala ya kumbukumbu kwa utaratibu, kisha uandike maelezo yako kwa mfuatano wa muda, ukitenganisha ulichokiona na ulichoambiwa. Usichokikumbuka andika hukikumbuki. Pale ulipokosea, sema. Kama ni mwanachama wa Chama cha Wauguzi Tanzania au wa chama cha wafanyakazi, waonyeshe maelezo hayo kabla hujayapeleka. Muombe mtu asiyekuwepo siku ya tukio ayasome kwa sauti mbele yako. Atakapokwama kuuliza "halafu?", rudi hapo ujaze, kisha saini, weka tarehe, na ubaki na nakala.