Kukagua Jokofu la Zamani Lisiloshika Baridi
Kabla ya kulaumu kompresa, anza na raba ya mlango: funga mlango juu ya kipande cha karatasi, kisha ukivute taratibu, na kikitoka kwa urahisi, basi hewa ya joto inapenya mahali hapo. Barafu iliyozidi milimita 6 iyeyushwe kwa kuzima jokofu na kuacha mlango wazi. Tafadhali usiikwangue kwa kisu, kwani tundu dogo tu kwenye bomba huvujisha gesi yote. Chomoa plagi, ufute vumbi kwenye mabomba ya nyuma. Kompresa ikiendelea kunguruma bila kupoza, mwite fundi, hasa kwa majokofu yaliyotengenezwa kabla ya 1930, ambayo mengi yalitumia gesi za sumu kama dioksidi ya salfa.