Kusoma majibu ya damu baada ya kuambiwa una homa ya ini C

Ukishika karatasi ya maabara, jicho hukimbilia tarakimu ndefu kuliko zote: wingi wa virusi. Tarakimu hiyo haisemi lolote kuhusu hali ya ini lako. Inayosema ni mistari mifupi ya chini, hasa ule wa PLT, yaani chembe sahani zinazosaidia damu kuganda. Panga karatasi zako zote kwa tarehe, chukua kalamu na kikokotoo cha simu, kisha fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Hakikisha virusi bado vipo

Anti-HCV hutafuta kingamwili. Ikiandikwa Reactive, mwili wako umewahi kukutana na virusi, basi. Kati ya watu 100 wanaoambukizwa, 15 hadi 45 huviondoa wenyewe ndani ya miezi 6 bila dawa, na kingamwili hubaki. Mstari unaothibitisha ugonjwa ni HCV RNA, yaani chembe za urithi za virusi vyenyewe. Kama haupo kwenye karatasi, rudi ukauombe kabla ya kuzungumzia dawa.

Hatua ya 2: Soma wingi wa virusi, kisha uuweke kando

Huandikwa kwa IU/mL, na pembeni huwa na logi: 1,000,000 ni logi 6, 100,000 ni logi 5. Ukitoka 800,000 ukafika 1,600,000, umepanda logi 0.3 tu, na huko ni kuyumba kwa kawaida kwa virusi na kwa mashine. Mwenye milioni 6 anaweza kuwa na ini laini, na mwenye elfu 60 akawa na makovu mengi.

Angalia pia maneno yaliyo kando ya namba. "<15 Detected" maana yake virusi vimeonekana ila ni vichache mno kuhesabika. "Not detected" maana yake havikuonekana kabisa. Watu huyachanganya haya mawili kila siku.

Jenotaipu, yaani aina ya virusi, ilikuwa ndiyo inayoamua dawa. Leo sofosbuvir pamoja na velpatasvir, au pamoja na daclatasvir, hutibu aina zote kuu, kwa kawaida kwa wiki 12, hivyo usishangae kama hukupimwa.

Hatua ya 3: ALT na AST

Hivi ni vimeng'enya vinavyovuja seli za ini zinapoumia. Maabara nyingi huweka ukomo wa juu karibu na 40 U/L. Tumia ukomo ulioandikwa kwenye karatasi yako. ALT ya kawaida haimaanishi ini ni zima, kwa sababu kwenye ugonjwa huu hupanda na kushuka, na siku uliyotoa damu inaweza kuwa ilikuwa chini. AST nayo hutoka pia kwenye misuli na chembe nyekundu: kazi nzito ya jana yake, au chembe kupasuka ndani ya chupa, huipandisha bure. Kinachostahili kuulizwa ni AST kuipita ALT kwa mtu asiyekunywa pombe. Mara nyingi huashiria makovu ya muda mrefu.

Hatua ya 4: Chembe sahani (PLT), na hesabu yenyewe

Kawaida ni kati ya 150 na 450 (× 10⁹/L). Ini likijaa makovu, damu inayotoka utumboni hupita kwa shida, shinikizo hupanda, wengu huvimba na kuanza kuzishikilia chembe sahani. Ini lenyewe pia hupunguza kutoa homoni inayochochea utengenezaji wake. Ndiyo maana PLT inayoshuka mwaka hadi mwaka, 230, 190, 155, inatisha kuliko virusi milioni, hata kama kila namba bado iko ndani ya kiwango.

Sasa piga FIB-4, hesabu ya kukadiria makovu ya ini: umri mara AST, ugawe kwa PLT mara kipeuo cha pili cha ALT. Chukua mtu wa miaka 48, AST 66, ALT 81, PLT 160.

48 × 66 = 3168
Kipeuo cha pili cha 81 ni 9; 160 × 9 = 1440
3168 ÷ 1440 = 2.2

Chini ya 1.45, makovu makubwa hayatarajiwi. Juu ya 3.25, yanashukiwa sana. 2.2 iko katikati, na hapo kinachohitajika ni kipimo cha ugumu wa ini. Mtu huyohuyo, vimeng'enya vilevile, lakini PLT 105, anapata 3.35. Hesabu hii haiaminiki vizuri chini ya miaka 35, na juu ya 65 hutia chumvi kwa sababu ya umri.

PLT ikishuka ghafla bila sababu, omba irudiwe kwa chupa yenye sitreti. Dawa ya kuzuia mgando iliyo kwenye chupa ya kawaida huweza kuzigandisha chembe sahani pamoja, mashine ikahesabu pungufu.

Hatua ya 5: Je, ini bado linafanya kazi?

Albumini (protini inayotengenezwa na ini) chini ya 35 g/L, bilirubini (rangi ya njano ambayo ini huiondoa) iliyopanda na INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda) juu ya 1.2, zikienda pamoja, zinaonyesha ini linachoka. Moja peke yake ichunguze kwanza: anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, atakuwa na INR ya juu hata ini likiwa zima. Bilirubini ya 1 mg/dL ni sawa na 17 µmol/L, kwa hiyo linganisha vizio kabla ya kushtuka.

Hatua ya 6: Kabla ya kidonge cha kwanza

Lazima uwe na jibu la HBsAg na Anti-HBc, vipimo vya homa ya ini B. Virusi vya homa ya ini B vilivyolala vinaweza kuamka vikali pale C inapoondolewa. Ongeza kreatinini (kipimo cha figo) na kipimo cha VVU, na mpe daktari orodha ya dawa zako zote. Amiodarone, dawa ya mapigo ya moyo, pamoja na sofosbuvir inaweza kushusha mno mapigo ya moyo.

Hatua ya 7: Baada ya dawa

Rudia HCV RNA wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho. "Not detected" siku hiyo ndiyo kupona. Usirudie Anti-HCV, kwani itaendelea kusoma Reactive, pengine maisha yote. Maambukizi mapya nayo huonekana kwa RNA tu. Kama ulikuwa tayari na sirosisi, yaani makovu yaliyoenea ini zima, picha ya ini kwa altrasaundi iendelee kila miezi 6 hata baada ya kupona.