Namna ya Kuombea Umoja wa Makanisa Mjini Malindi

Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo, ambayo chanzo chake ni mwaka 1908, huadhimishwa kwa kawaida tarehe 18 hadi 25 Januari, na wanaotaka kuiadhimisha Malindi wawaalike mapema Wakatoliki, Waanglikana, Wamethodisti na Wapentekoste wapange ibada kwa pamoja, kwa kuwa ibada iliyopangwa na kanisa moja huwafanya wengine wageni. Someni Yohana 17:20-23, ambapo Yesu anawaombea watakaomwamini wawe na umoja ili ulimwengu upate kusadiki, kisha nyamazeni kidogo.

Hapa ndipo penye uzito. Kila mmoja atubu kwanza makosa ya upande wake, yakiwemo maneno ya dharau na kugombania waumini, wala asiombe wengine wahamie kwake. Sala ya namna hiyo, naamini kabisa, hupanua ufa. Liombeeni kanisa jirani kwa jina lake, pamoja na wachungaji na wagonjwa wake. Ushirika Mtakatifu msiulazimishe, kwani makanisa hayajakubaliana juu yake, na uchungu wa kutengana mezani uwekwe wazi mbele za Mungu. Nyimbo zitoke katika vitabu vya makanisa yote. Kabla ya kutawanyika, chagueni kanisa litakalowapokea jioni inayofuata.