SOMO: Safari ya Voyager 1 kwa kamba

Wakuu, kila wiki naulizwa tuliwaonyeshaje wanafunzi hapa Moshi safari ya Voyager 1, chombo cha angani cha Wamarekani kisicho na mtu ndani. Naandika yote leo.

1. Nunua kamba ya katani. Mita 130 zinafika mwaka 2015 tu; kwa leo ongeza urefu kwa hesabu ya hatua ya 4. Mimi nilipata soko la Mbuyuni. Vipande vya kitambaa omba kwa fundi cherehani.

2. Mita 1 ni umbali wa Dunia hadi Jua, kilomita milioni 150. Kwa kipimo hicho Jua ni punje moja ya mahindi. Igundishe mwanzo wa kamba.

3. Weka alama. Hapa niliharibu, soma polepole. Vipimo vyote vinaanzia kwenye Jua: Dunia mita 1, sayari ya Mshtarii (Jupita) 5.2, sayari ya Zohali (Saturn) 9.5. Mimi nilifika Mshtarii, nikahamishia sifuri ya tepu pale, nikahesabu 9.5 upya. Zohali ikaangukia mita 14.7, na darasa zima likanakili. Niliwaita tena Jumamosi kufuta. ONYO: tepu ikiishia mita 30, endelea na 31, usirudi sifuri. ONYO la pili: usipige mafundo, yanakula kamba. Shonea kitambaa.

4. Andika tarehe. Mita 1: 5 Septemba 1977. Mshtarii: 5 Machi 1979. Zohali: 12 Novemba 1980. Mita 40: 14 Februari 1990, siku ilipopiga picha ya Dunia ikiwa nukta. Mita 121: 25 Agosti 2012, ilipoupita mpaka wa upepo wa Jua, yaani chembe zinazotoka kwenye Jua. Kuanzia hapo ongeza mita 3.6 kila mwaka.

5. Tembeeni. Baada ya Zohali watoto watauliza mbona hakuna kitu. Usiwajibu haraka, waache watembee.

MASWALI

— Inatumia mafuta lita ngapi?
Roketi iliisukuma, mvuto wa Mshtarii ukaiongezea kasi. Huko hakuna hewa ya kuizuia, inakwenda kama kilomita 17 kwa sekunde.

— Zohali yangu iko 14.7, shida nini?
Hatua ya 3. Isome.

— Nimesoma, bado sielewi.
Rudisha tepu kwenye punje ya mahindi.

— Shikamoo mwalimu. Mbona Neptuni haimo?
Marahaba, umeangalia vizuri. Voyager 1 ilipitishwa karibu na Titan, mwezi wa Zohali, na mvuto wa Zohali ukaipindisha juu, nje ya usawa wa sayari. Ukitaka kuonyesha hilo, mtoto mrefu aiinue kamba baada ya Zohali. Neptuni ilifikiwa na pacha wake, Voyager 2, mwaka 1989, nayo ilitangulia kurushwa, 20 Agosti 1977.

— Na sauti yake inafikaje huku?
Kwa redio ya wati kama 20 tu, nguvu ya balbu ndogo. Inapokelewa na antena kubwa, baadhi zina upana wa mita 70. Kwenye kamba yako, kila mita ni dakika 8 na sekunde 20 za mawimbi. Wape watoto wazidishe wenyewe.

— Ni kweli imebeba salamu za Kiswahili?
Hapana. Ile santuri iliyopakwa dhahabu ambayo Voyager 1 imebeba ina salamu za lugha 55, Kiganda kimo, Kiswahili hakimo. Linaniuma. Wanafunzi wangu waliandika yao, wakaishona mwisho wa kamba: "Hamjambo huko? Huku Moshi mvua imeanza."

— Kamba ya nailoni je?
Inavutika. Chukua katani.